Maisha ya Raj Kapoor, Mtengenezaji wa Picha ya Awaara

Wazee wetu wa Temeke, Magomeni na Kinondoni wakizungumza habari za sinema za zamani, jina moja halikosi kutajwa, nalo ni Raj Kapoor. Husema kwamba picha yake iitwayo Awaara haijapata mfano, na kwamba picha za siku hizi ni kelele tupu. Vijana nao wakionyeshwa picha hiyo katika simu huitazama dakika kumi wakachoka, kwa kuwa haina rangi na watu wake huimba mno. Ni nani aliye na haki? Kabla ya kujibu, inafaa tuyajue maisha ya mtu mwenyewe, kisha tuitazame kazi yake bila upendeleo.

Raj Kapoor alizaliwa tarehe 14 Desemba, 1924, mjini Peshawar, mji ambao wakati ule ulikuwa katika Bara Hindi chini ya Waingereza na sasa umo katika nchi ya Pakistan. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Prithviraj Kapoor, mchezaji mashuhuri wa michezo ya jukwaani na wa sinema. Mtu angedhani kwamba mtoto wa mtu kama huyo angepewa nafasi kubwa tangu siku ya kwanza, lakini sivyo ilivyokuwa. Alipoacha shule aliingia katika kampuni ya Bombay Talkies akiwa kijana wa kutumwa tu, na kazi yake ilikuwa kushika kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera kila mara picha inapoanza kupigwa.

Yasimuliwa kwamba hata katika kazi hiyo ndogo alipenda kujionyesha. Kila alipokwenda kugonga kibao alichana nywele zake kwanza, ili kamera imwone. Siku moja jua lilikuwa linakuchwa, na mkubwa wake, Bwana Kidar Sharma, alimwamuru afanye haraka. Raj akakigonga kibao karibu mno na uso wa mchezaji, hata ndevu za bandia za mchezaji yule zikanaswa na kubanduka. Sharma alimpiga kofi mbele ya watu. Lakini Sharma huyo huyo ndiye aliyempa nafasi yake ya kwanza kubwa, katika picha ya Neel Kamal ya mwaka wa 1947.

Mwaka uliofuata Raj alitengeneza picha yake mwenyewe, Aag, naye hajatimiza miaka 24. Haikuleta fedha nyingi. Ya pili, Barsaat, ya mwaka wa 1949, ilileta fedha za kutosha hata akaweza kujenga studio yake huko Chembur, nje ya mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai. Tangu picha hizo mbili alikuwa akicheza pamoja na bibi mmoja aitwaye Nargis, na wawili hao wakawa kama pete na kidole machoni pa watazamaji.

Sasa tuje kwenye Awaara yenyewe. Maana ya neno hilo ni mhuni, mtu anayezurura asiye na kwao. Hadithi haikuwa ya Raj Kapoor. Iliandikwa na Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi wa magazeti, akisaidiana na mwenzake V. P. Sathe. Abbas aliwahi kumpelekea mtengenezaji mwingine, Mehboob Khan, lakini hawakupatana juu ya wachezaji, kwa sababu Abbas alitaka baba na mwana katika hadithi wawe baba na mwana kweli. Hivyo ikafika mikononi mwa Raj. Yeye akawa mwana, na Prithviraj akawa baba. Ndugu yake mdogo, Shashi, akacheza Raj wa utotoni, na babu yao mzaa baba akaonekana kidogo amekaa katika kiti cha jaji. Basi vizazi vitatu vya nyumba moja vimo katika picha moja.

Habari yenyewe ni hii. Hakimu Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa imani hiyo anamfunga mtu aitwaye Jagga, ambaye hakutenda kosa aliloshitakiwa, ila baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akitoka gerezani anakuwa jambazi kweli, anamteka mke wa hakimu, kisha anamrudisha. Watu wananong'ona, hakimu anamshuku mkewe mwenye mimba, na usiku wa mvua anamfukuza. Mwanamke anajifungua barabarani. Mtoto analelewa katika vibanda vya maskini, anapoteza nafasi yake shuleni, na Jagga anamfundisha wizi, ili hakimu aone kwamba damu ya mtu mwema nayo yaweza kuzaa mwizi. Mara ya kwanza mtoto yule anapoiba, anaiba mkate kwa ajili ya mama yake mwenye njaa.

Msomaji aliyelelewa pwani ameona tayari kwa nini picha hii iliwashika wazee wetu. Sisi nasi tunao msemo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na wengi wetu tumeusikia ukitupwa juu ya mtoto fulani wa mtaani kabla hajatenda lolote. Awaara iliuchukua msemo huo ikaupeleka mahakamani, na ikamweka baba mwenyewe kizimbani kuuzwa maswali. Anayemtetea kijana ni Rita, ambaye Nargis alimcheza, naye ni mwanasheria. Wasichana wa shule hii na waangalie mwaka: picha ilianza kuonyeshwa tarehe 14 Desemba, 1951, siku Raj alipotimiza miaka 27, na humo mwanamke amesimama mbele ya jaji akimhoji mlezi wake mwenyewe.

Picha hii ilizunguka dunia. Mwaka wa 1954 iliingia Urusi, na tiketi zilizouzwa huko zilipita milioni 60. Waturuki waliipenda hata mwaka wa 1964 wakatengeneza ya kwao kwa kuifuata. Kwetu Afrika ya Mashariki ilipita katika majumba ya sinema ya Unguja na ya miji ya bara. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, aliyewauliza watu wa Unguja habari za sinema za miaka ya 1950 na 1960, aliikuta Awaara ingali mioyoni mwao baada ya miaka mingi. Waliikumbuka hasa kwa mambo ya mapenzi, kwa kuwa kijana wa siku zile ambaye ndoa yake ilipangwa na wazee aliona humo watu wawili wakichaguana wenyewe. Na nyimbo za Kihindi ziliingia hata katika taarabu, maneno yakawa ya Kiswahili na tuni ikabaki ile ile.

Hapa Dar es Salaam wakati huo sinema kubwa zilikuwa katikati ya mji: Avalon, Empire, Empress, Odeon na nyinginezo. Mtu wa Temeke au Kinondoni alikuwa na safari ya kufanya. Tena hakukuwa na mtu wa kumfasiria. Leo katika vibanda vya video vya Mbagala au Mwananyamala mtu hupata picha iliyotiwa maneno ya Kiswahili juu yake, na mfasiri huongeza chumvi zake mwenyewe. Wakati ule mtazamaji asiyejua Kihindi aliifuata habari kwa uso, kwa machozi na kwa muziki, na akirudi mtaani aliisimulia kwa wengine. Picha iliyoweza kueleweka namna hiyo ilikuwa na nguvu ya kweli. Mwaka wa 1966 ilifunguliwa Drive-In katika wilaya yetu ya Kinondoni, upande wa Msasani, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao. Nayo imekwisha toweka, na Ubalozi wa Marekani umesimama mahali pale tangu mwaka wa 2003.

Je, Awaara inastahili sifa zake? Kwa maoni yangu inastahili nyingi, lakini si zote.

Makosa yapo, na mzazi anayeisifu mbele ya mwanawe afadhali ayakiri. Ni ndefu, karibu saa tatu. Mambo ya bahati yamezidi: mama anagongwa na gari, na gari hilo ni la mume aliyemfukuza, Rita analelewa nyumbani mwa hakimu yule yule. Watunzi wa hadithi walivuta kamba mno hapo. Kubwa zaidi, kuna mahali ambapo Raj, akiwa ufukweni, anampiga Rita makofi kwa sababu ya neno moja, naye Rita anaonekana kumpenda zaidi. Jambo hilo lilipita bila kusemwa katika siku zile. Mimi siwezi kuliita zuri kwa kuwa limo katika picha mashuhuri.

Upande wa pili, wale wanaoichoka kwa kukosa rangi hawajaitazama. Mpiga picha wake, Radhu Karmakar, aliufanya mwanga na kivuli vifanye kazi ya rangi, na usiku ule wa mvua sijauona mfano wake katika picha nyingi za gharama kubwa za leo. Tena ipo ndoto ya Raj, ya dakika chache tu, yenye mawingu, ngazi ndefu na masanamu makubwa, ambayo kuipiga kwake kulichukua miezi mitatu. Anayeitazama bila kujua hata neno moja la Kihindi anatambua kwamba kijana yule anataka kutoka katika moto na hawezi peke yake. Na swali la damu na malezi halijazeeka. Wanaoijua mitaa yetu wanajua ni mara ngapi kijana huitwa mhuni kwa sababu ya nyumba alikotoka.

Baada ya Awaara, Raj alitengeneza Shree 420 mwaka wa 1955, jina lililotoka katika kifungu cha sheria ya Kihindi juu ya udanganyifu. Humo alivaa suruali fupi na kofia, akatembea kwa namna ya Charlie Chaplin, ambaye hakuficha kwamba ndiye aliyemwiga. Mimi naiona nyepesi kuliko Awaara, ingawa wako wanaoipenda zaidi. Nargis alimwacha muda mfupi baadaye. Alicheza Mother India ya Mehboob Khan mwaka wa 1957, picha nyingine ambayo wazee wetu huitaja kwa heshima, na mwaka wa 1958 akaolewa na Sunil Dutt, aliyekuwa mwenzake katika picha hiyo. Raj alikuwa na mke na watoto wake tangu zamani.

Sangam, ya mwaka wa 1964, ilikuwa ya rangi na ilipigwa kwa sehemu katika Ulaya, nayo ilileta fedha nyingi. Fedha hizo, na nyingine za kukopa, alizitia katika kazi moja iliyochukua miaka sita, Mera Naam Joker, habari ya mchekeshaji wa sarakasi. Ilitoka mwaka wa 1970. Ilikuwa na zaidi ya saa nne na mapumziko mawili. Watu hawakuitaka, wakosoaji waliicheka, na Raj akabaki na madeni makubwa.

Habari za picha hii zafaa kukumbukwa na kila anayesema kwamba sifa ya picha ni jambo lililokatwa tangu mwanzo. Ile ile iliyodharauliwa mwaka wa 1970 leo huhesabiwa na wengi miongoni mwa kazi zake bora. Watazamaji walibadilika. Hata hivyo sidhani kwamba wa kwanza walikuwa wajinga. Sehemu ya kwanza, ya mvulana wa shule anayempenda mwalimu wake bila kuthubutu kusema, ni kazi safi kabisa, na mvulana yule alichezwa na Rishi, mwana wa Raj mwenyewe. Sehemu mbili zilizobaki zinajihurumia mno, na sifa mpya zimezifunika bila haki.

Ili alipe madeni alitengeneza Bobby, mwaka wa 1973, habari ya vijana wawili wanaopendana kinyume cha matakwa ya wazazi. Hakuwa na fedha za kuwalipa wachezaji wakubwa, kwa hiyo alimtumia Rishi, aliyekuwa amekwisha kua, pamoja na msichana mpya, Dimple Kapadia. Ikafaulu kupita kiasi. Picha yake ya mwisho, Ram Teri Ganga Maili, ilitoka mwaka wa 1985.

Tarehe 2 Mei, 1988, alikwenda Delhi kupokea nishani ya Dadasaheb Phalke, ambayo ni heshima kubwa kupita zote katika sinema za India. Alikuwa anaugua pumu. Jina lake lilipotajwa hakuweza kupanda jukwaani, na Rais Venkataraman akashuka akampa nishani pale alipokaa. Kutoka hapo alipelekwa hospitali, akafariki tarehe 2 Juni, akiwa na umri wa miaka 63.

Studio ya Chembur iliungua mwezi wa Septemba, 2017, na mavazi mengi ya picha zake yakateketea. Jamaa zake waliona gharama za kuijenga upya hazitarudi, wakauza kiwanja. Filamu za asili hazikuguswa na moto huo, na mwaka wa 2024, miaka 100 tangu azaliwe, Awaara ilionyeshwa tena katika majumba ya sinema ya India, ikiwa imesafishwa, bado haina rangi.