Paul Panda Farnana, askari mukongomani aliyedai wenzake wakumbukwe

Mara mingi wakati mutaa unapanga siku za filme kwa heshima ya askari wa zamani, tunaonyeshwa vita ya wazungu tu. Babu zetu hatuwaonagi. Kumbe iko filme moja inayotuhusu kabisa. Françoise Levie, mutengenezaji wa filme huko Ubelgiji, aliitoa mwaka wa 2011, juu ya maisha ya Paul Panda Farnana. Mbele ya kuiangalia, ni muzuri kujua huyu mutu alikuwa nani.

Panda alizaliwa mwaka wa 1888 kule Nzemba, karibu na Banana, pale muto Kongo unaingia mu bahari. Mwaka wa 1900, akiwa mutoto wa miaka 12, mukubwa mumoja wa Leta, Derscheid, akamupeleka Ubelgiji. Dada ya huyo muzungu, Louise Derscheid, njo alimulea mu Brussels na kumusomesha. Wakati ule huku Kongo watu walikuwa wanalazimishwa kutafuta kauchu. Yeye alikuwa ku kiti cha masomo. Akasoma kilimo kule Vilvoorde, akapata diploma mwaka wa 1907, kisha akaongeza masomo ya kilimo cha inchi za joto kule Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Anahesabiwa kuwa Mukongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu mu Ubelgiji.

Mwaka wa 1909 Leta ikamupa kazi, akarudi Kongo. Alitumika ku bustani ya Eala, karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo, halafu akaongoza shamba la Leta la Kalamu, upande wa Boma.

Vita ya 1914 ilimukuta Ubelgiji. Hakujificha. Aliingia mu kikosi cha Wakongomani waliojitolea, chini ya koloneli Chaltin, wakaenda kulinda muji wa Namur. Tarehe 23 mwezi wa munane, Wajerumani wakawakamata. Panda akakaa mufungwa mu Ujerumani mpaka vita ikaisha mwaka wa 1918. Miaka mine! Kati ya wenzake wa kikosi kulikuwa Albert Kudjabo, mutoto wa Kilo, mu Ituri. Mu kambi ya wafungwa ya Münster, Wajerumani walirekodi sauti ya Kudjabo, na ile sauti iko inasikika mpaka leo.

Huku kwetu mashariki vita ilikuwa na sura ingine. Askari wa Force Publique waliingia Kigali mwezi wa tano 1916, na tarehe 19 mwezi wa kenda wakakamata Tabora. Nyuma yao kulikuwa wapagazi maelfu na maelfu, mizigo ku kichwa. Wengi walikufa na njaa, na magonjwa, na kuchoka. Majina yao hayakuandikwa fasi yoyote.

Vita kuisha, Ubelgiji ikasherehekea mashujaa wake. Wakongomani waliopigana hawakupewa nafasi yao. Njo maana tarehe 30 mwezi wa munane 1919 Panda na wenzake wakaanzisha Union Congolaise, chama cha kusaidiana na cha kuinua akili ya Wakongomani. Kiliwakusanya askari wa zamani na Wakongomani wengine waliokuwa wanaishi kule. Panda akadai Ubelgiji ijenge munara kwa askari Mukongomani asiyejulikana jina, sawa vile inchi zingine zilifanyia askari wao.

Lakini hakuishia ku munara. Mwezi wa kumi na mbili 1920, mu kongamano la mambo ya koloni kule Brussels, alisimama mbele ya wakubwa akaomba masomo ya kweli kwa watoto wa Kongo, na Wakongomani wapate sauti mu utawala wa inchi yao. Mwaka uliofuata alishiriki mu kongamano la watu weusi, pamoja na W.E.B. Du Bois wa Marekani. Magazeti ya koloni yakamushambulia, yakamuita mutu wa fujo. Askari aliyefungwa miaka mine juu ya Ubelgiji, sasa anaonekana hatari!

Mwaka wa 1929 akarudi kwao Nzemba. Hakukaa bure: akajenga masomo, kanisa dogo na kinu cha mafuta ya ngazi. Hakuchelewa kufa. Tarehe 12 mwezi wa tano 1930 akaaga dunia, na miaka kama 42 hivi. Uhuru ulikuja miaka 30 nyuma yake.

Basi, siku mutaa wenu utatandika shuka jeupe ku ukuta kwa heshima ya askari wa zamani, muombe hii filme ya Panda. Na kisha filme, muwape wazee mikro. Kati yao wako wenye wanajua bado jina la babu aliyebeba mizigo mpaka Tabora. Muliandike ile jina mbele halijapotea.