Goodyear: Aliyekufa na madeni, jina likabaki kwenye tairi

Siku ya Jamhuri, bendi ya jeshi ikipita mbele yako uwanjani, mtazame vizuri anayepuliza klarineti. Mwili wa ala ile mara nyingi ni mpingo, mti wetu wa huku Afrika Mashariki, na mwingi hutoka kusini mwa Tanzania. Lakini kile kipande cha juu anachokibana mdomoni, cheusi na kinachong'aa, si mbao hata kidogo. Ni mpira. Ndiyo, mpira, ndugu wa tairi la matatu uliyopanda asubuhi.

Nyuma ya mpira huo kuna jamaa aliyesota karibu maisha yake yote: Charles Goodyear.

Jina lisikudanganye ukadhani alikuwa tajiri wa kiwanda. Alizaliwa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, tarehe 29 Desemba 1800. Babake alitengeneza vifungo na vifaa vya shambani, na kijana alipokomaa akafungua duka la vifaa hivyo kule Philadelphia. Kufikia 1830 lilikuwa limefilisika. Wewe leo ukishindwa kulipa mkopo wa simu unapelekwa CRB, basi. Enzi hizo ulitupwa jela. Goodyear aliingia na kutoka humo mara nyingi hadi ikawa kama nyumba ya pili.

Mwaka 1834 alipita kwenye duka la kampuni moja ya mpira jijini New York, akaona maboya ya kuokolea watu majini. Vali yake ilikuwa mbovu, kwa hivyo akaunda bora zaidi na kuirudisha akitarajia kuiuza. Akaambiwa vali si tatizo. Tatizo ni mpira wenyewe. Kweli, mpira wa wakati huo ulikuwa balaa. Kiangazi unayeyuka na kunuka, baridi ikija unakakamaa na kupasuka. Waliokuwa wamewekeza humo walikuwa wanalia.

Sasa hebu fikiria: mtu hajasomea kemia, hana hela, anadaiwa kila kona, halafu anaamua yeye ndiye atatibu ugonjwa huo. Alianzia jela. Mkewe, Clarissa, alimletea mpira mbichi na kile kifimbo cha kusukumia unga, akaanza kukanda mlemle ndani. Alipotoka aliendelea nyumbani, akichanganya mpira na magnesia, kisha chokaa, kisha asidi. Kuna wakati alidhani amefaulu, akapata oda ya serikali ya mifuko ya barua 150. Joto likaja, mifuko ikalegea na kunata. Aibu iliyoje!

Hapa mimi nasita kumpigia makofi. Familia iliuza fanicha, ikala kwa hisani ya majirani, ikazika watoto kadhaa wangali wadogo. Mara nyingi tunamsifu mvumbuzi tukamsahau mama aliyekuwa akitafuta unga. Clarissa alifariki 1853, na hajawekwa kwenye tairi lolote.

Bahati iligeuka kupitia Nathaniel Hayward, aliyekuwa akitumia salfa kukausha mpira. Goodyear alinunua haki ya mbinu hiyo. Kisha mwaka 1839, mjini Woburn, Massachusetts, mpira uliochanganywa na salfa uligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, ukaungua pembeni kama ngozi, na sehemu iliyobaki ikawa imara, inavutika na kurudi. Kwa nini? Mpira ni kama nyuzi ndefu zinazoteleza moja juu ya nyingine. Salfa ikipata joto huzifunga nyuzi hizo pamoja, hivyo haziwezi tena kuteleza ovyo. Ilimchukua miaka mingine kupata kiasi sahihi cha moto na muda. Hataza ya Marekani akaipata 15 Juni 1844.

Kule Uingereza, Thomas Hancock, ambaye alikuwa ameona sampuli za mpira huo, alimtangulia kwenye ofisi ya hataza. Rafiki wa Hancock ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina, kutokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Lile neno "vulcanizing" unaloliona kwenye kibao cha fundi wa pancha kando ya barabara, asili yake ni hiyo.

Klarineti inaingia wapi? Nduguye Charles, Nelson Goodyear, alipata hataza 1851 ya mpira mgumu. Ongeza salfa nyingi, karibu theluthi ya mchanganyiko, pika kwa saa nyingi, na mpira hautavutika tena: unakuwa mgumu kama pembe, unachongeka na kung'arishwa. Ndio huitwa ebonaiti. Zikatoka chanuo, kalamu na viko vya tumbaku. Mafundi wa ala nao wakaona dawa yao. Zamani kipande cha mdomoni kilikuwa cha mbao, na mbao hunywa mate, huvimba, hukauka, hupinda. Pale ulimi wa tete unapokaa panatakiwa pawe sawa kabisa. Pakipinda kidogo tu, sauti inakwama au inapiga kelele kama bata. Wengine walijaribu pembe za ndovu, chuma, hata kioo. Ebonaiti hainywi maji, na hadi leo wapulizaji wengi hawataki kingine. Ila usiioshe kwa maji moto wala kuiacha juani: hubadilika rangi ikawa ya kijani kibichi au kahawia, na kutoa harufu ya salfa.

Charles mwenyewe aliendelea kutumia kuliko alivyoingiza. Alijenga banda la mpira mtupu kwenye maonyesho ya London 1851, akafanya makubwa tena Paris 1855. Hesabu zikamshinda, na Desemba mwaka huo akatupwa jela ya wadaiwa papo hapo Paris. Nishani ya heshima ya Ufaransa ilimfikia akiwa humo ndani.

Alifariki New York tarehe 1 Julai 1860, akiwa safarini kwenda kumwona bintiye mgonjwa mahututi. Aliacha madeni ya takriban dola 200,000. Kampuni ya tairi yenye jina lake ilianzishwa Akron, Ohio, mwaka 1898, miaka 38 baadaye, na watu wasiohusiana naye. Waliazima jina tu.