Saad bin Abi Waqqaas (R.A.): Mpiga Mishale wa Mtume (S.A.W.)



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, hapa kwetu Kwamkoro mtoto hukata panda ya mpera, akafunga mpira wa tyubu kuukuu, akapata manati. Mwenzake huletewa manati ya dukani. Wakishindana kulenga kopo juu ya jiwe, hakuna anayeuliza bei ya manati. Sote tunatazama kopo limeangushwa na nani.

Lakini tukishindwa katika kuhifadhi Qur'an au katika mtihani, wengi wetu husema sababu ni vifaa: msahafu umechakaa, begi limechanika, mwenzetu ana vitabu vipya. Mzazi naye huingia kwenye deni ili anunue, na bado mtoto hafungui kitabu. Kwa ajili hiyo tumeona tusome maisha ya Sahaba aliyesifika kwa shabaha kuliko wengi.

UJANA WAKE

Saad bin Abi Waqqaas alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Banu Zuhra, ukoo wa Bibi Amina, mama yake Mtume (S.A.W.). Alisilimu mwanzoni kabisa, akiwa kijana wa miaka kama 17. Mama yake aligoma kula ili amrudishe kwenye dini ya mababu. Saad alimpenda mama yake na akamwomba ale, lakini hakuiacha imani yake.

Imepokewa kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa kuchonga mishale. Hapa tuzingatie. Aliyechonga mshale mwenyewe anajua uzito wake, unyoofu wake na namna utakavyokwenda hewani. Saad hakudharau kifaa. Alikijua na kukitunza, kisha akaizoeza mikono yake.

Naye ndiye wa kwanza kutupa mshale katika njia ya Allah, katika msafara ulioongozwa na Ubayda bin al-Haarith, karibu mwaka 623.

SIKU YA UHUD

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Mtume (S.A.W.) aliwapanga wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia, wengi wao walishuka kukimbilia ngawira. Pinde zao zilikuwa zile zile za asubuhi, na mishale ile ile. Kilichopungua ni utiifu, na Waislamu wakapata msiba mkubwa.

Katika saa hiyo ngumu Saad alisimama karibu na Mtume (S.A.W.) akilenga bila kuyumba. Mtume alimtolea mishale kutoka katika podo lake, akamhimiza atupe, mpaka akamtajia baba yake na mama yake kuwa fidia kwake. Palikuwa na adui mmoja aliyewasumbua sana Waislamu. Saad akachukua mshale usio na chembe, yaani kijiti kitupu kisicho na chuma mbele. Akaulenga, ukampata ubavuni, yule mtu akaanguka. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Mshale ule ungeletwa sokoni, nani angeununua?

SIKU ZA QADISIYYA

Miaka ikapita. Karibu mwaka 636 Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alimfanya Saad kuwa amiri wa jeshi la kupambana na Waajemi huko Qadisiyya, Iraq. Waajemi walikuja na ndovu wa vita, deraya za chuma na mapambo ya fahari. Imesimuliwa kwamba walipoiona mishale myembamba ya Waarabu waliicheka, wakaifananisha na vijiti vya kusokotea uzi. Vijiti hivyo vikapenya deraya zao.

Saad mwenyewe alikuwa mgonjwa, hawezi kupanda farasi. Aliongoza vita akiwa juu ya jengo, akituma amri. Ndovu walipowatisha farasi wa Waislamu, wapiga mishale waliwalenga waliopanda juu ya ndovu, na wengine wakakata mikanda iliyofunga viti vyao. Baada ya siku kadhaa za mapambano makali, Waajemi walishindwa.

MWISHO WAKE

Saad alipata mali nyingi. Lakini Waislamu walipopigana wenyewe kwa wenyewe, alikaa kando. Alitaka kwanza apewe upanga wenye macho na ulimi, utakaomtambulisha nani muumini na nani kafiri. Upanga wa namna hiyo haupo. Alijua kutupa mshale, na alijua wakati wa kuuzuia.

Alifariki karibu mwaka wa 55 Hijria, akazikwa Baqii, Madina. Aliusia avikwe sanda ya juba lake kuukuu la sufi, alilolivaa siku ya Badr. Katika mali yake yote, hilo ndilo alilotaka kukutana nalo na Mola wake.

MAFUNZO KWETU

Mtume (S.A.W.) aliwapitia vijana wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawatia moyo. Tena alimkemea anayejifunza kutupa kisha akaacha. Kwa hiyo ujuzi ni amana, na hulindwa kwa mazoezi ya kila siku.

Mzazi mwenye uwezo amnunulie mwanawe, hapana ubaya. Asiye na uwezo asijidhalilishe kwa deni. Nawe mwanafunzi, jalidi msahafu wako uliochakaa, uufungue kila alfajiri. Uliyonayo leo yanatosha kuanzia.

Tunamuomba Allah awe radhi na Saad, na azielekeze nyoyo zetu na mikono yetu penye shabaha. Aamiin.