Branwell Brontë: Kaka aliyemezwa na pombe na afyuni

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa fasihi wanawafahamu vyema Charlotte, Emily na Anne Brontë, ndugu watatu wa Uingereza ambao riwaya zao zinasomwa hadi leo. Ni wachache wanaokumbuka kuwa walikuwa na ndugu wa kiume, Branwell, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuipatia familia hiyo jina.

Branwell alizaliwa Juni 26, 1817 huko Thornton, Yorkshire, akiwa mtoto wa kiume pekee kati ya watoto sita wa Mchungaji Patrick Brontë. Mama yao alifariki dunia mwaka 1821 baada ya familia kuhamia Haworth, na mwaka 1825 wakafariki dada zao wakubwa wawili, Maria na Elizabeth. Wanne waliobaki wakawa kitu kimoja.

Mwaka 1826 baba yao alimletea Branwell askari 12 wa mbao kutoka Leeds. Kutokana na askari hao, watoto walibuni nchi ya kufikirika waliyoiweka pwani ya Afrika Magharibi, wakaandika habari zake katika vijitabu vidogo mno. Kwa Emily na Anne, waliokuwa wadogo zake, kaka huyo mchangamfu alikuwa miongoni mwa walimu wao wa kwanza wa utunzi. Mwaka 1841 gazeti la Halifax Guardian lilichapisha shairi lake, miaka mitano kabla dada zake hawajatoa kitabu chao cha kwanza.

Hata hivyo, maisha ya utu uzima yalimwendea kombo. Alijaribu kuchora picha za watu mjini Bradford, akashindwa. Mwaka 1842 aliachishwa kazi katika kituo cha reli cha Luddenden Foot baada ya hesabu kuonyesha upungufu wa zaidi ya pauni 11. Mwaka uliofuata alikwenda kufundisha katika nyumba ya Thorp Green, ambako Anne naye alikuwa mwalimu. Julai 1845 alifukuzwa, naye akawaeleza rafiki zake kuwa alikuwa amempenda mke wa mwajiri wake.

Tangu hapo alizama katika pombe na afyuni. Ikumbukwe kuwa enzi hizo afyuni iliuzwa madukani kama dawa ya maumivu, na sheria ya kudhibiti uuzaji wake ilipitishwa mwaka 1868 tu. Madeni yakaongezeka na wadai wakafika hadi mlangoni. Usiku mmoja kitanda chake kilishika moto, na baba yake, aliyekuwa mzee, akaamua kulala naye chumba kimoja ili amlinde.

Katika nyumba hiyohiyo, dada zake walikuwa wakiandika. Mwaka 1847 zilitoka Jane Eyre, Wuthering Heights na Agnes Grey, zote kwa majina ya kubuni. Baadaye Charlotte alieleza kuwa kaka yao hakupata kujua kazi hiyo. Branwell alifariki dunia Septemba 24, 1848 akiwa na umri wa miaka 31. Emily alimfuata Desemba mwaka huo na Anne Mei 1849, wote wawili kwa kifua kikuu.

Miezi michache kabla ya kifo cha kaka yake, Anne alikuwa ametoa The Tenant of Wildfell Hall, riwaya inayoonyesha bila kuficha jinsi ulevi unavyomharibu mume na kuitesa nyumba yake. Wasomaji wengi huona humo kivuli cha Branwell. Wakosoaji walipoilaumu, Anne alijibu kuwa alikusudia kusema ukweli ili vijana waonywe. Charlotte aliona tofauti, na mwaka 1850 alipinga riwaya hiyo isichapishwe upya.

Wote wawili walimpenda. Mmoja alitaka aibu ya nyumba yao ifunikwe, mwingine aliona kuifunika ni kuwaacha wengine watumbukie katika shimo lilelile. Familia yoyote iliyompoteza ndugu kwa ulevi inaijua njia panda hiyo. Riwaya ya Anne ilichapishwa tena baadaye, na ingali inasomwa; pengine hilo ndilo fungu jema zaidi lililopatikana katika maisha mafupi ya kaka yake.