Walter Payton, Mkimbiaji wa Chuo Kidogo

Walter Payton alizaliwa mwezi wa Julai, 1953, katika mji mdogo wa Columbia, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Siku zile watoto Weusi na watoto wa Kizungu walisoma mbalimbali. Shuleni Walter alipiga ngoma katika bendi, wala hakuingia katika timu ya mpira, kwani kaka yake Eddie ndiye aliyekuwa akisifiwa humo, naye hakupenda kushindana na kaka yake. Eddie alipomaliza masomo, ndipo Walter alipoanza kucheza. Mwaka 1970 shule za mji huo ziliunganishwa, na vijana wa rangi zote wakacheza timu moja.

Yafaa nieleze mchezo wenyewe, maana sio huu tunaoucheza hapa shuleni. Mpira wa Kimarekani una umbo kama la yai, nao hubebwa mikononi. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kazi ya mkimbiaji ni kuupokea mpira na kupenya kati ya majitu yanayotaka kumkamata na kumbwaga chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Walter.

Mwaka 1971 alimfuata kaka yake katika chuo cha Jackson State, chuo cha Weusi ambacho hakikuwa na jina kubwa. Huko alifunga jumla ya alama 464, akavunja rekodi ya vyuo vya Marekani. Hata hivyo, tuzo kuu ya Heisman ya mwaka 1974 ilikwenda kwa Archie Griffin wa Ohio State, chuo kikubwa chenye sifa nchi nzima. Walter hakuacha vitabu kwa ajili ya mpira, bali alipata digrii yake.

Mwaka 1975 timu ya Chicago Bears ilimchagua akiwa wa nne katika vijana wote wa mwaka huo. Basi fikirini, ndugu wasomaji: katika mchezo wake wa kwanza alipewa mpira mara 8, asipate hata yadi moja! Mwingine angekata tamaa. Walter alizidi kufanya mazoezi, akipanda kilima kirefu mbio na kushuka, mara nyingi mpaka waliomfuata wakashindwa. Tarehe 20 Novemba, 1977, ingawa alikuwa na homa ya mafua, alikimbia yadi 275 katika mchezo mmoja, jambo ambalo hadi siku hiyo hakuna mchezaji wa ligi yake aliyekuwa amelifanya. Mwaka 1984 aliipita rekodi ya Jim Brown ya yadi za maisha yote ya uchezaji.

Alicheza misimu 13, akakosa mchezo mmoja tu. Yadi zake zote zilikuwa 16,726, yaani zaidi ya kilometa 15. Lakini hakuzipata kwa mkupuo. Alizipata yadi nne nne, akiangushwa na kuinuka, kwa kuubeba mpira mara 3,838. Kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Januari 1986 timu yake ilitwaa ubingwa kwa alama 46 kwa 10, lakini siku hiyo yeye mwenyewe hakufunga bao, na jambo hilo lilimwuma.

Februari 1999 aliwatangazia watu kwamba ana ugonjwa wa ini usio wa kawaida. Alihitaji kupandikizwa ini jingine, lakini saratani ikaingia, na njia hiyo ikafungwa. Ingawa yeye hakuweza tena kupona, aliendelea kuwahimiza watu wajiandikishe kutoa viungo vyao wakifa, ili wagonjwa wengine wapone. Alifariki tarehe 1 Novemba, 1999.

Rekodi yake ya yadi ilipitwa na Emmitt Smith mwaka 2002, kwa kuwa rekodi huvunjwa. Lakini tangu mwaka 1987 mchezaji bora wa ushambuliaji katika vyuo visivyo vya daraja la juu hupewa tuzo iitwayo kwa jina la Walter Payton. Yule aliyekosa tuzo ya wakubwa, jina lake limekuwa tuzo. Nasi tusiulize kama shule yetu ina jina kubwa. Tuulize tumepanda kilima mara ngapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV