Luchino Visconti, mtoto wa matajiri aliyepiga sinema ya maskini

Tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 1976, Luchino Visconti aliaga dunia huko Roma, mji mkuu wa Italia. Alikuwa na umri wa miaka 69. Aliacha filamu yake ya mwisho ikiwa karibu kumalizika, na watu wa kwanza kuiona katika tamasha la Cannes, Ufaransa, waliiona miezi miwili baada ya kifo chake. Karibu miaka minne alikuwa amepooza upande mmoja wa mwili, na filamu hiyo aliiongoza akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu.

Hadi leo Waitalia wanamhesabu kati ya waongozaji wakubwa wa sinema na wa opera, yaani ule mchezo wa jukwaani ambamo wachezaji wanaimba maneno badala ya kuyasema tu. Lakini maisha yake yaliwashangaza watu tangu mwanzo. Alizaliwa katika nyumba ya watawala, akajiunga na upande wa Wakomunisti, akauza mali yake ili kupiga sinema juu ya wavuvi wasio na kitu, na nusura apigwe risasi kwa sababu ya kuficha watu wakati wa vita.

Mtoto wa jamaa kubwa

Visconti alizaliwa Milano, kaskazini mwa Italia, tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka 1906. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba. Mababu wa jamaa yake walitawala mji huo tangu karne ya 13 mpaka katikati ya karne ya 15, na baba yake, Giuseppe Visconti di Modrone, alikuwa bado na cheo cha heshima cha kizazi hicho. Mama yake, Carla Erba, alitoka katika jamaa iliyotajirika kwa kiwanda kikubwa cha madawa. Kwa hiyo cheo kilitoka kwa baba, na feza nyingi zilitoka kwa mama.

Nyumbani kwao kulikuwa na teatri ndogo, watoto wakicheza mbele ya wageni. Mama aliwasimamia katika masomo ya muziki, na Luchino alijifunza kupiga selo. Jamaa ilikuwa na nafasi yake ya kudumu katika La Scala, jumba la opera la Milano linalojulikana dunia nzima, na wakubwa wake walisaidia jumba hilo kwa feza. Mtoto huyo alizoea opera kama vile watoto wengine wanavyozoea nyimbo za kanisani.

Lakini hakuwa na haraka ya kupata kazi. Alitumika jeshini katika kikosi cha wapanda farasi, kisha akatumia miaka mingi akifuga farasi wa mashindano. Alipofikisha miaka 29 alikuwa tajiri, alijua mambo mengi mazuri, lakini hakuwa bado na kazi ambayo angeweza kuiita yake.

Safari ya Paris

Mabadiliko yalitokea Ufaransa. Huko Paris, Coco Chanel, mwanamke maarufu wa mitindo ya mavazi, alimjulisha kwa Jean Renoir, mwongozaji wa sinema wa Ufaransa. Mwaka 1936 Renoir alimchukua kama msaidizi mdogo katika filamu fupi iliyopigwa mashambani. Visconti alishughulikia mavazi na kazi ndogondogo.

Mwaka ule Ufaransa ilikuwa imechagua serkali ya mrengo wa kushoto, na wafanyakazi walikuwa wanadai haki zao. Wengi katika kikundi cha Renoir walikuwa upande huo. Visconti alitoka katika Italia ya Mussolini, ambako watu walifundishwa kunyamaza. Huko aliona kwamba mtu anaweza kuwa msanii na pia kujali maisha ya maskini. Aliporudi kwao alikuwa na mawazo mapya, na yalimwandama mpaka mwisho wa maisha.

Filamu ya kwanza na hasira ya wakubwa

Mwaka 1942, vita vikiendelea, alianza kupiga filamu yake ya kwanza, Ossessione, katika bonde la mto Po. Aliitoa katika kitabu cha Mmarekani James M. Cain, ambacho Renoir alikuwa amempa, lakini hakuwa na ruhusa ya mwandishi. Alisaidiwa na vijana waliopinga Mussolini kwa siri. Wawili kati yao, Mario Alicata na Gianni Puccini, walikamatwa kabla kazi haijakwisha.

Ni habari ya mwanamke mwenye mume mzee, aliyependana na kijana mpita njia, mpaka wakamuua mume. Sinema za Italia wakati ule zilionyesha nyumba safi, simu nyeupe na watu wenye furaha. Visconti alionyesha barabara za vumbi, jasho, jiko chafu na watu wasio na kazi. Filamu ilipotoka mwaka 1943, wakubwa wa serkali na wa kanisa waliikataa, na sehemu nyingi ilizuiliwa. Negative ya filamu hiyo iliharibiwa. Ilipona kwa sababu Visconti alikuwa ameficha kopi yake. Kwa ajili ya haki za kitabu, Wamarekani hawakuonyeshwa filamu hiyo mpaka mwaka 1976, mwaka wa kifo chake.

Karibu na kifo

Mwezi wa 9 mwaka 1943 Italia iliacha vita upande wa Ujerumani, na askari wa Hitler wakaingia Roma. Visconti alifungulia nyumba yake watu waliokuwa wanatafutwa: Wakomunisti na wengine waliopigana kwa siri na Wajerumani. Kwa mtu mwenye jina kama lake, ingekuwa rahisi kukaa kimya na kungoja vita viishe.

Mwezi wa 4 mwaka 1944 alikamatwa na kikosi cha Pietro Koch, Mwitalia aliyefanya kazi pamoja na Wajerumani na aliyejulikana kwa kutesa wafungwa. Walimfunga katika nyumba moja ya wageni iliyogeuzwa kuwa gereza, mahali ambapo watu walipigwa usiku na mchana. Aliambiwa kwamba atapigwa risasi. Mchezaji wa sinema María Denis alikwenda kumwombea kwa Koch, na Visconti hakuuawa. Tarehe 4 mwezi wa 6 majeshi ya Marekani na wenzao yaliingia Roma. Baada ya vita mwanamke yule naye alishitakiwa kwamba alikuwa rafiki wa Koch, lakini hakukutwa na kosa.

Koch alihukumiwa kifo, na Visconti alikuwa kati ya waliotoa ushahidi mbele ya mahakama. Mwezi wa 6 mwaka 1945, Koch alipopigwa risasi, Visconti ndiye aliyesimamia kamera iliyopiga picha za tukio hilo kwa ajili ya filamu ya habari za vita. Ni watu wachache waliowahi kupiga picha za kifo cha mtu aliyetaka kuwaua.

Wavuvi wa Aci Trezza

Amani iliporudi, Visconti alianza na teatri. Kuanzia mwaka 1945 aliwaonyesha watu wa Roma michezo ya Wafaransa na ya Wamarekani ambayo Mussolini asingeiruhusu. Kati ya vijana waliokua mikononi mwake ni Vittorio Gassman na Marcello Mastroianni.

Mwishoni mwa mwaka 1947 alikwenda Sicilia, katika kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza, akiwa na feza za kwanza alizopewa na chama cha Kikomunisti. Chama kilitaka filamu fupi kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 1948. Yeye alipofika aliona jambo kubwa zaidi. Alichukua habari kutoka kitabu cha Giovanni Verga na kuanza La terra trema. Hakuna mchezaji hata mmoja wa kazi katika filamu hiyo. Wote ni wavuvi, wake zao na watoto wao, tena wanasema lugha ya kwao. Visconti aliwaeleza jambo linalotokea, nao wakatafuta maneno yao wenyewe.

Habari yenyewe ni ya kijana Ntoni. Anachoka kuona wafanyabiashara wakinunua samaki kwa bei wanayopanga wao. Anaweka nyumba ya jamaa rehani ili ajitegemee. Dhoruba inavunja mtumbwi, nyumba inakwenda, ndugu wanatawanyika, na mwishowe anarudi kuomba kazi kwa watu walewale waliokuwa wakimnyonya.

Feza ziliisha katikati ya kazi, na Visconti aliuza mali yake ili aendelee. Filamu ilipata zawadi katika tamasha la Venezia mwaka 1948, lakini Waitalia wengine hawakuelewa lugha ya Sicilia, na katika majumba ya sinema haikupata watu. Alikuwa amepanga filamu mbili zingine, moja juu ya wachimba migodi na moja juu ya wakulima. Hazikupigwa kamwe. Lakini wasaidizi wake wawili wa Aci Trezza, Francesco Rosi na Franco Zeffirelli, wote walikuja kuwa waongozaji wakubwa.

Callas na La Scala

Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 1954 Visconti aliongoza opera yake ya kwanza katika La Scala. Aliyeimba ni Maria Callas, Mgiriki aliyezaliwa Marekani, mwenye sauti iliyokuwa inasemwa kila mahali. Waimbaji wengi wa opera wakati ule walisimama tu mbele ya watu, wakanyosha mikono na kuimba. Visconti aliwataka wacheze kama watu wa kweli, na Callas alikuwa tayari kurudia jambo moja siku nzima.

Mwezi wa 5 mwaka 1955 walifanya La traviata ya Verdi, habari ya mwanamke mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha mpenzi wake ili kulinda heshima ya jamaa ya kijana. Callas alitupa viatu vyake akiwa anaimba, na alikufa akiwa amevaa koti na kofia, kama mtu aliyetaka kuondoka. Wengine walisema ni kukosea heshima Verdi. Mwimbaji mwenzake, Giuseppe Di Stefano, aliondoka baada ya usiku wa kwanza. Leo mchezo ule unahesabiwa kati ya opera zilizobadilisha kazi hiyo.

Rocco na Chui

Mwaka 1960 alirudi kwa maskini katika Rocco e i suoi fratelli. Mama mjane na watoto wake wa kiume wanaacha kijiji cha kusini na kupanda gari-moshi kwenda Milano kutafuta maisha. Mmoja anapata kazi kiwandani, mwingine anaharibikiwa mpaka anaua, na Rocco, aliyechezwa na Alain Delon, anajitoa kwa ajili ya ndugu asiyesaidika. Wakati ule maelfu ya Waitalia wa kusini walikuwa wanahamia kaskazini, na huko walidharauliwa. Wakubwa wa Milano walitaka sehemu kadhaa zikatwe, lakini watu walijaa kuitazama.

Miaka mitatu baadaye alipiga Il gattopardo, yaani Chui, kutoka kitabu cha Giuseppe Tomasi di Lampedusa. Burt Lancaster wa Marekani alicheza mkubwa wa Sicilia anayeona wakati wa watu wa cheo chake unakwisha mwaka 1860. Karamu ya dansi ya mwisho inachukua karibu dakika 45, na ndani yake mzee huyo anatembea chumba kwa chumba akijua kwamba kifo kiko karibu. Filamu ilipata zawadi kubwa ya Cannes mwaka 1963. Visconti hakuhitaji kuuliza mtu namna watu wa cheo wanavyokula, kuketi na kusalimiana, kwa sababu alikulia humo.

Wapo waliomlaumu: anasema juu ya maskini, lakini anaishi kwa anasa, na wafanyakazi wake wanamwogopa kwa ukali wake. Lawama hizo zilikuwa na ukweli ndani yake. Tena mwaka 1971, katika Morte a Venezia, alimchukua kijana wa Sweden, Björn Andrésen, na kumtangaza mbele ya dunia kwa uzuri wake. Kijana huyo, alipokuwa mtu mzima, alisema kwamba sifa zile zilimharibia maisha.

Kazi mpaka mwisho

Visconti hakuoa, wala hakuficha kwamba aliwapenda wanaume. Alivuta sigara kupita kiasi. Mwezi wa 7 mwaka 1972, akiwa bado na kazi ya filamu Ludwig, juu ya mfalme wa Bavaria, damu ilimwathiri ubongo na upande wa kushoto ukapooza. Filamu hiyo ilikatwa fupi na wenye kuiuza. Alipokwisha kufa, marafiki waliofanya kazi naye walinunua haki zake na kuirudisha katika urefu alioutaka.

Alijifunza tena kusimama kidogo, akaongoza opera moja huko Spoleto mwaka 1973 na filamu nyingine mwaka 1974. Halafu alianguka na kuvunjika, lakini L'innocente aliianza hata hivyo.

Mazishi yake yalifanyika Roma, katika kanisa la Sant'Ignazio. Wakubwa wa Italia na wanachama wa chama cha Kikomunisti walikusanyika pamoja kumuaga. Majivu yake yako katika kisiwa cha Ischia, mahali alipokuwa na nyumba yake. Na huko Aci Trezza, watoto na wajukuu wa wavuvi bado wanaweza kuwaona wazee wao katika filamu ile, wakisema lugha yao wenyewe.