Georg Wilhelm Steller na mnyama aliyetoweka kwa miaka 27

Tunapokumbuka watu wa zamani waliomcha Mungu, mara nyingi tunataja wamisionari na wahubiri. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeanza kwa kusomea uchungaji, kisha akawa mganga na mchunguzi wa viumbe. Jina lake ni Georg Wilhelm Steller. Yeye ndiye mtaalamu pekee aliyemwona akiwa hai mnyama mmoja mkubwa wa bahari na kumwandika. Leo mnyama huyo hayupo tena duniani.

Steller alizaliwa mwaka 1709 katika mji wa Windsheim, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwongozaji wa nyimbo katika kanisa la Kilutheri. Kijana alikwenda Wittenberg, mji wa Martin Luther, akasoma teolojia. Baadaye alihamia Halle, ambako wakristo walijulikana kwa maombi, kwa shule na kwa kituo chao kikubwa cha yatima. Huko alifundisha, na huko moyo wake ukavutwa na mimea, wanyama na uganga. Hakuona kwamba ameiacha kazi ya Mungu. Kwake, kuchunguza kazi ya mikono ya Muumba kulikuwa njia nyingine ya kumheshimu.

Mwaka 1734 alifika Urusi. Akawa mganga wa askofu mkuu wa Novgorod, kisha akatumwa katika safari kubwa iliyoongozwa na nahodha Vitus Bering, mtu wa Denmark aliyetumikia serikali ya Urusi. Steller alivuka Siberia yote mpaka Kamchatka, na mwaka 1741 akapanda merikebu ya Bering, watu zaidi ya 70 ndani yake, kwenda kutafuta pwani ya Amerika.

Waliiona pwani hiyo mwezi wa Julai. Steller alipewa muda wa saa 10 hivi tu kukanyaga nchi na kukusanya mimea. Katika kurudi, mabaharia walichota maji yenye chumvi karibu na pwani. Steller aliwaonya kwamba maji yale yangewadhuru, wakamdharau. Aliomba watu wa kumsaidia kuchuma majani ya kutibu kiseyeye, wakakataa. Muda si mrefu ufizi ukaanza kuvimba, meno kulegea, na watu kufa mmoja mmoja. Mwezi wa Novemba merikebu ilifika kwenye kisiwa kisicho na watu wala miti, na dhoruba ikaivunja hapo. Bering alikufa mwezi wa Desemba, akiwa amelala katika shimo la mchanga. Leo kisiwa hicho kinaitwa kwa jina lake.

Mtu aliyedharauliwa ndiye aliyewahudumia wote. Steller aliwapikia wagonjwa, akawatafutia majani chini ya theluji, akawafariji waliokuwa wanakufa. Cheo hakikuwa na maana tena. Ofisa na mtumishi walikula chungu kimoja.

Chakula chao kilitoka baharini. Kwanza waliua fisi maji, ambao walikuwa wengi na hawakumwogopa mtu. Lakini ngozi ya fisi maji ilikuwa na bei kubwa sana huko China, na watu wakaanza kuchezea kamari kwa ngozi hizo. Waliua kwa ajili ya ngozi na kuacha nyama ioze. Steller alihuzunika kuona jambo hilo. Kwa miezi michache tu wanyama walihama karibu na kambi, na wenye njaa wakalazimika kutembea mbali kutafuta chakula ambacho zamani kilikuwa mlangoni.

Katika maji ya kisiwa hicho kulikuwa pia na mnyama ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumwandika. Alikuwa ndugu wa nguva, lakini mkubwa kupita kiasi. Jike mmoja aliyepimwa na Steller alikuwa na urefu wa karibu mita 7 na nusu. Hakuwa na meno, alikula mwani tu, na aliishi karibu na ufuko pamoja na jamaa yake, watoto wakiwa katikati. Watu walimwita ng'ombe wa baharini. Ili kumkamata mmoja, walimchoma kwa ndoana kubwa ya chuma, na watu 30 wakavuta kamba kutoka nchi kavu. Steller aliandika kwamba wengine walijaribu kumwokoa aliyechomwa, na kwamba dume mmoja alirudi siku mbili mfululizo mahali ambapo jike wake alilala amekufa.

Nyama hiyo iliwarudishia nguvu. Mwezi wa Agosti 1742 waliondoka kwa chombo walichojenga kwa mbao za merikebu iliyovunjika. Watu 46 walifika Kamchatka wakiwa hai. Tuseme wazi: hatuwalaumu kwa kula. Mwenye njaa aliyechukua mnyama mmoja na kushukuru hakuwa mwenye kosa.

Ubaya ulikuja baadaye. Wale waliookoka walirudi na mamia ya ngozi za fisi maji, na habari ikaenea. Kila mwaka wawindaji walienda kwenye visiwa hivyo, wakakaa huko majira ya baridi, wakila ng'ombe wa baharini ili waendelee kutafuta ngozi. Wengi walimchoma mnyama kwa mkuki, naye akakimbilia baharini na kufia huko bila kumfaidia mtu. Mwaka 1755 ofisa mmoja wa madini, Yakovlev, aliona kwamba katika kisiwa jirani cha Medny wameisha kabisa, akaomba serikali ikataze uwindaji huo. Hakusikilizwa. Mwaka 1768 wa mwisho aliuawa. Tangu merikebu ya Bering ifike hapo, ilikuwa imepita miaka 27 tu.

Steller hakuyaona hayo. Alibaki Kamchatka akichunguza samaki na wanyama. Pia aliwatetea wenyeji, Waitelmeni, waliokuwa wanaonewa na wenye mamlaka, na kwa sababu hiyo akashitakiwa. Alifutiwa mashtaka, lakini usumbufu wa njia na baridi vilimmaliza. Alikufa Tyumen mwaka 1746, akiwa na miaka 37. Kitabu chake juu ya wanyama wa bahari kilitoka mwaka 1751.

Fisi maji wa bahari nao walikaribia kuisha. Lakini mwaka 1911 Urusi, Marekani, Japani na Uingereza walipatana kuacha kuwaua baharini, na katika sehemu nyingi wameongezeka tena. Basi tunajua kwamba kukubali mapema kunaokoa, na kuchelewa kunapoteza.

Wapendwa, mambo haya si ya nchi za theluji tu. Katika Ziwa Edward, ndani ya Virunga, viboko walikuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000, kwa sababu ya vita, nyama na meno yao. Na wavuvi wetu wa sambaza na ndagala wanajua wenyewe namna nyavu zinavyorudi nyepesi.

Tena maji yetu yanafika baharini. Ziwa Kivu linamwagika kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, Tanganyika kwa Lukuga mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo unaoingia Atlantiki. Pale Muanda, mdomoni mwa mto, wangali wanaishi nguva, ndugu wa mnyama yule wa Steller. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa Bukavu huziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, na inayopita inaendelea na safari.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamruhusu mtu kuchukua makinda ya ndege lakini inamwamuru amwache mama aende zake. Mungu hakatazi kula. Anakataza kukata mzizi. Kwa hiyo tunaomba makanisa ya kando ya maziwa yafanye haya: wavuvi wetu waache nyavu za macho madogo na vyandarua vya mbu, waheshimu miezi ambayo uvuvi unafungwa ili samaki wazae, na waamini wengine wasaidie familia zao wakati huo, akina mama na vijana wakusanye plastiki kabla mvua haijaipeleka ziwani. Na yule anayeonya, hata kama ni mtu mdogo au mgeni, tumsikilize akingali anaonya. Steller aliongea juu ya maji na majani, Yakovlev akaongea juu ya wanyama, na wote wawili walikuwa na haki.

Mungu atupe macho ya kuona mapema.